Kuwait na Bahareni: bunge lenye meno au uchumi kwanza?

Mwaka 2016 zote mbili zilikubaliana na wenzao wa Ghuba kutoza kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 5. Bahareni ilianza Januari 2019, ikaipandisha hadi 10 mwaka 2022. Kuwait ikabaki inapiga danadana.

Siri iko bungeni. Bahareni, kwa katiba ya 2002, wabunge 40 wa kuchaguliwa hukaa na 40 walioteuliwa na mfalme, hivyo muswada wa serikali haukwami sana. Gharama ya mfumo huo ilionekana 2011, hasira zilipomwagika barabarani.

Kuwait, wabunge 50 waliweza kumhoji waziri na kumng'oa. Safi, ila wapiga kura wengi ni waajiriwa wa serikali; nani athubutu kuwatoza? Sheria ya madeni, iliyoiruhusu serikali kukopa, ilipoisha 2017, Bunge liligoma kuihuisha, serikali ikawa inachota akiba. Mei 2024 Amiri Mishal, mtawala wa nchi, alilivunja Bunge na kusimamisha vifungu kadhaa vya katiba kwa muda usiozidi miaka 4. Machi 2025 sheria mpya ya madeni ikatoka kwa amri: kikomo cha kukopa dinari bilioni 30.

Lakini Bahareni hiyo hiyo, nyepesi kwa mageuzi, iliokolewa kifedha 2018 kwa dola bilioni 10 za majirani, Kuwait ikiwemo.