Giaboksi za Sikwensho kwa Magari ya Mbio: Ipi Ununue na Ipi Uachane Nayo

Kabla hujatuma pesa Ulaya, soma kanuni za mashindano unayokimbia. Wengi huumia hapo, si kwenye bei. Gari la kale linalokimbia chini ya Kiambatisho K cha FIA (shirikisho la kimataifa la mbio za magari) linatakiwa libaki kama lilivyokuwa enzi zake, na cheti chake cha kiufundi, HTP, huandika hadi giaboksi iliyomo. Ford Escort RS1800 aliyoshinda nayo Björn Waldegård katika Safari Rally ya 1977 ilikuwa na giaboksi ya ZF ya gia 5, yenye mkono wa H, yaani ule wa kawaida unaochagua gia kwa njia zenye umbo la herufi H. Ukifunga sikwensho, yaani giaboksi inayopitia gia moja baada ya nyingine, kwenye Escort ya namna hiyo, mwendo utaupata lakini cheti utakikosa. Mbio za klabu na za kupanda vilima mara nyingi huwa na kanuni legevu zaidi, ila omba jibu la mkaguzi kwa maandishi. Ukiambiwa hapana, tafuta giaboksi ya H yenye dogi (meno makubwa yanayoshika gia moja kwa moja). Hutabadilisha gia haraka kama mwenye sikwensho, lakini utaruhusiwa kuanza mbio.

Kama kanuni zinakuruhusu, tuendelee.

Aliyewahi kuendesha bodaboda ameshatumia sikwensho. Ndani kuna ngoma ya chuma iliyochongwa mifereji. Kila ukivuta mkono ngoma inazunguka kidogo, mfereji unasukuma uma, uma unaisogeza pete ya dogi hadi ikamate gia inayofuata. Huwezi kuruka kutoka ya tano hadi ya pili kwa bahati mbaya na kuipasua injini. Hakuna sinkro, zile pete za kusawazisha mwendo wa gia, za kulainisha mambo: meno ya dogi yanagonga na kushika, basi. Ndiyo maana giaboksi hizi hulia, hugonga, na hazimpendi dereva mwenye mkono wa woga. Anayesukuma mkono polepole kwa huruma ndiye anayezila dogi.

Sasa swali la nguvu. Wauzaji hupenda kuuliza farasi ngapi. Wewe waambie torki, yaani nguvu ya kuzungusha inayopimwa kwa Nm, kwa sababu torki ndiyo inayovunja gia. Chukua injini mbili za farasi 400. Ya kwanza haina tabo na inatoa nguvu hizo ikiwa kwenye mizunguko 8,500 kwa dakika. Hapo torki yake ni kama Nm 335. Ya pili ina tabo na inazitoa kwenye mizunguko 5,000. Hapo torki ni karibu Nm 570. Farasi ni wale wale, giaboksi si moja. Ongeza juu yake uzito wa gari, matairi yanayong'ang'ania lami, na ule mshtuko wa gari kutua baada ya kuruka mguu ukiwa bado kwenye mafuta. Giaboksi iliyoandikwa Nm 500 kwa gari jepesi la changarawe inaweza kufa mapema kwenye gari zito la lami. Uliza pia umbali kati ya shafti mbili za ndani: kadiri unavyokuwa mkubwa, ndivyo gia zinavyoweza kuwa kubwa na meno yake imara.

Kwa mpangilio wangu, namba moja ni Sadev, ya Vendée nchini Ufaransa. Sababu yangu si kasi. Giaboksi zao zimetumika kwenye Ford Fiesta R5 na kwenye Toyota Hilux za mbio za jangwa za Dakar, yaani magari yanayopigwa vumbi na mashimo kama tunayoyajua sisi. Kwa kuwa zipo nyingi, pete za dogi, uma na seti za gia zinapatikana hata kwa timu jirani, na mafundi walioshazifungua wapo. Kwa mwenye injini kubwa ya tabo anayekimbia mara kwa mara, hapa ndipo pa kuanzia. Bei inauma, lakini ukitaka kuiuza baadaye mnunuzi hakosi.

Kwa Escort, na magari mepesi ya kale ya kuvuta nyuma kwa ujumla, mimi ningeiruka hiyo Sadev na kwenda moja kwa moja kwa Quaife wa Kent, Uingereza. Giaboksi yao ya QBE69G ya gia 6 inajulikana sana kwa wajenzi wa Escort, na haihitaji ukate nusu ya sakafu ili iingie. Injini ya lita 2 isiyo na tabo haina haja ya kitu kizito zaidi. Uzito usio na kazi ni hasara tu.

Ya tatu ni Samsonas ya Lithuania. Wanaoteleza kwenye mbio za drifti na magari yenye injini za Toyota 2JZ wanaijua vizuri. Inavumilia torki kubwa kwa pesa pungufu kidogo kuliko majina makubwa. Uliza mapema seti ya gia itachukua wiki ngapi kukufikia, kisha ongeza muda wa forodha.

Wenye Subaru Impreza, Lancer Evo au Skyline GT-R watazame Australia: PPG kwa hizo mbili za kwanza, Holinger kwa Skyline. Zimetengenezwa kwa ajili ya gari lenyewe, kwa hiyo unaepuka kazi ya kuchonga kasha jipya la klachi, kazi ambayo gereji nyingi huipigia hesabu ndogo kisha ikala bajeti yote.

Xtrac na Hewland nimeziweka mwisho kwa makusudi. Ni kazi safi kuliko zote. Xtrac ilianza 1984 na mfumo wa magurudumu manne wa Escort ya rallycross ya Martin Schanche, na Hewland imekuwa kwenye magari ya mbio tangu miaka ya hamsini. Lakini kama huna fundi wao wala bajeti ya timu, unalipia ubora utakaoshindwa kuutunza.

Kuna jambo wenye magari ya kale hulisahau. Sikwensho hupanda gia vizuri pale injini inapokatwa moto kwa muda mfupi, mara nyingi milisekunde 40 hadi 80, kwa sensa iliyo kwenye mkono. Gari lenye kabureta za Weber na distribyuta halina kompyuta ya kufanya hivyo. Itabidi ununue kifaa tofauti cha kukata moto, au uinue mguu kila unapopanda. Kushuka gia ni hivyo hivyo: hakuna mtambo wa kukupigia mafuta, ni kisigino na vidole vyako kwenye breki na mafuta kwa pamoja.

Ukinunua iliyotumika, usiridhike na kuizungusha kwa mkono. Mwage oili kwenye beseni jeupe, kisha angalia nati yenye sumaku. Uji mweusi laini ni wa kawaida. Vipande vya chuma vyenye pembe vinatoka kwenye kona za dogi. Fungua kifuniko, washa tochi, tazama kona hizo: zikiwa zimeviringika kama sabuni iliyotumika, gia itakuwa inaruka chini ya mzigo. Ncha za uma zikiwa na rangi ya buluu, zimeungua kwa dereva kuegemeza mkono kwenye gia muda wote. Muuzaji akikataa kifuniko kifunguliwe, rudi nyumbani na pesa zako.

Pamoja na giaboksi agiza seti moja ya pete za dogi za gia ya pili na ya tatu, uma zake, oili sili na karatasi ya vipimo vya kukazia. Uliza kwa maandishi inatakiwa ifunguliwe kila baada ya kilomita ngapi za mashindano. Na kwa mbio za joto au jangwa, nunua pampu na rejeta ya oili siku hiyo hiyo, maana kutoboa kasha baadaye giaboksi ikiwa imeshafungwa ni gharama mara mbili.