Stebilaiza nene au bushi na linki mpya kwa Subaru Impreza ya kila siku?

Gari likilala sana kwenye kona za Nyang'oro, njia ya Iringa, wengi hukimbilia stebilaiza nene ya nyuma, yaani fimbo ya chuma inayounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale. Inasaidia kweli: pua inaingia kwenye kona bila kuvutwa nje. Unene ukitoka milimita 20 kwenda 22, ugumu hupanda takriban asilimia 46. Ila lami ikilowa, ukiachia pedali ya mafuta ghafla, nyuma huteleza mapema zaidi.

Kwa bei, bushi (mipira inayoshika stebilaiza) na linki (vijiti vinavyoiunganisha na upande wa gurudumu) zinashinda bila ubishi.

Mtaani ndiko kwenye kazi. Kwenye tuta magurudumu yote mawili hupanda pamoja, stebilaiza haijipindi, hivyo tofauti huioni. Balaa ni korongo linalomeza tairi moja: nene hupeleka mshtuko upande wa pili na kichwa kinayumba. Bushi mpya za mpira haziongezi hilo, na ile sauti ya kugongagonga chini ya gari, inayoletwa na bushi na linki zilizochoka, inakwisha. Za poliyurethani (plastiki ngumu) hudumu, lakini zikikauka grisi hulia.

Uko Dodoma, unatoka Area D kwenda Mtumba kwa lami tupu? Nene itakufaa. Unaishi ndani kwenye vumbi, anza na bushi na linki. Na linki zilizochoka usizifungie stebilaiza nene, itazimaliza haraka.