Apu ya takwimu za makwotabaki wa sekondari Marekani: namba zipo, orodha yao inapotosha

Nimeitumia hii apu msimu mzima tangu Agosti, nalipia kila mwezi, manake mpwa wangu anacheza kwotabaki, yule mrusha pasi wa futiboli ya Kimarekani, kwenye sekondari moja kule Texas na nilitaka kujua wenzake wa rika lake wamesimama wapi. Taarifa wanazo kweli. Mechi ya Ijumaa usiku, Jumamosi asubuhi ushaipata, pasi alizorusha, zilizofika, yadi (umbali timu iliosogea kwa pasi zake), tachidauni (yaani mpira kufikishwa mwisho wa uwanja wa wapinzani), pasi zilizonaswa na wapinzani. Hapo nawapa hongera bila kinyongo.

Shida ni ile orodha ya vipaji bora, wameipanga kwa jumla ya yadi basi. Yaani kijana aliyerusha pasi 45 akapata yadi 300 anakaa juu ya mwenzake aliyerusha 18 akapata 234, wakati ukigawanya tu unaona wa kwanza hafiki hata yadi 7 kwa pasi na wa pili ana 13. Huyo wa pili timu yake inapenda kukimbia na mpira, afu ikishaongoza kwa pointi 30 kocha anampumzisha robo ya tatu, sasa kosa lake liko wapi? Na yadi nyingine ni za pasi fupi za pembeni, mpira hausafiri popote, mpokeaji mwenye mbio ndo anakimbia yadi 60 na zote anaandikiwa kwotabaki.

Kuna na safu ya reti, alama moja ya ubora wa kurusha pasi, wanatumia fomula ya NFL, ligi kuu ya kulipwa ya Marekani, ambayo mwisho wake ni 158.3. Ile ni ya ligi moja yenye timu 32 za watu wazima! Huku sekondari wiki hii kijana anakutana na shule kubwa, wiki ijayo na kashule kadogo ambako wachezaji haohao wanashambulia na kuzuia mechi nzima, anawagonga 158.3 anapanda nafasi kibao. Ubora wa mpinzani hauhesabiwi. Wala kwotabaki kuangushwa na wapinzani kabla hajarusha mpira, kwahiyo anayeganda nao mpaka anaangushwa mara 6 anaonekana msafi kuliko anayethubutu kurusha.

Kwotabaki Maty Mauk wa Kenton, Ohio alimaliza sekondari na yadi 18,932 na tachidauni 219, rekodi ya taifa wakati ule, na NFL hakucheza hata mechi moja. Josh Allen wa Firebaugh, California hakupata ofa hata moja ya chuo cha daraja la juu, akaanzia chuo kidogo cha Reedley, akaenda chuo kikuu cha Wyoming, 2018 timu za NFL zilipochagua wachezaji wapya akachaguliwa wa 7. Patrick Mahomes nae, aliyekuja kuwa nyota wa NFL, akiwa sekondari ya Whitehouse, Texas 2013 alipiga yadi 4,619 na tachidauni 50 na bado maskauti walimpa nyota 3 kati ya 5. Orodha ya yadi ingekudanganya kwa Mauk, na kwa Allen na Mahomes hata maskauti wenyewe hawakuona mapema.

Nawapa 3 kati ya 5. Waweke yadi kwa kila pasi, watenge mechi za kupigana na vibonde, nimeshawaandikia mara mbili wakajibu vizuri tu ila hakuna kilichobadilika. Mpwa wangu kwenye orodha yao yuko chini huko, na makocha wawili wa chuo waliompigia hawakuuliza jumla ya yadi kabisa, waliomba video za mechi mbili alizofungwa, tena nzima bila kukatwa.