Kabare: Kahuzi na Lwiro, inafaa kupandia?

Jambo yenu bote, karibuni tena. Leo sichambue simu, leo nachambua fasi: Kabare, kule ku milima ya Kivu ya Kusini, Congo. Juu batu mingi ya Bukavu ukibaulizia Kahuzi, ule mulima wa mu parki ya Kahuzi-Biega yenye iko na gorila, banakwambia "ah, ile ni mambo ya bazungu", na iyo inaniumizaka kabisa, Tshivanga kwenye banaingilia mu parki ni kilometa kama 30 tu toka mujini!

Tuanze na mulima. Kahuzi iko na metre 3.308, ni volkano yenye ilishazimika, na njia yake ni ngumu sitabadanganya, unapita mu bambu, udongo inateleza, mizizi inakushika muguu, halafu bambu inaisha na baridi inakuingia mpaka ku mifupa. Vaa botine nzuri, soksi refu juu ya siafu, na koti ya mvua hata kama Bukavu jua inawaka.

Gorila sasa. Parki iko tangu 1970, UNESCO iliiandika ku urithi wa dunia 1980, na 1997 ikaiweka ku liste ya hatari, na vita ya mwisho ya miaka ya 1990 ilimaliza karibu tembo zote za upande wa juu wa parki. Kwa hiyo kuona familia ya gorila ingali inakula pale, watoto juu ya migongo ya mama, mimi nasemaka asante Mungu.

Lakini chenye kilinigusa zaidi ni bapisteri, benye banafwata nyayo za gorila. Bamoja ni Batwa. Papa mumoja alisimama, akainama, akaokota kipande cha bambu chenye kilitafunwa, akakigusa na kidole kama kingali na maji, akasema "balilala hapa chini", na kweli tukakuta bitanda byao bya majani, bingali bibichi. Batu ba kabila yake balitoshwa mu ile pori miaka ya 1970, na 2024 Tume ya Afrika ya haki za binadamu ilisema serikali ilibavunjia haki. Ukienda, umusikilize, umupatie kitu ya maana, usimupige picha sawa nyama.

Halafu Lwiro, karibu na Katana, batu banapitaka tu. Kituo cha utafiti cha Babeleji, IRSAC, kilianza 1947, leo kinaitwa CRSN, kituo cha utafiti wa sayansi ya asili: matao, makoridori marefu, bibliotheki, matiroari ya bipepeo, nyoka mu bokali. Na pembeni, tangu 2002, banalea shimpanze yatima benye mama zao baliuliwa na bawindaji. Bapeleke watoto wenu, kweli!

Bei: ulizia ile ya benyeji, haiko sawa na ya wageni. Chakula mubebe, hata sambaza (ile samaki ndogo ya ziwa Kivu) na bugali mu sahani ya kufunika. Na barabara, sana sana usalama, muulize siku ileile asubui kwa batu ba Miti ao Kavumu, ku njia ya kuenda kule, wakisema mungojee, mungojee.