Programu za hojaji kwa mfanyabiashara wa Kisumu: ipi ya kwanza, na mtafiti aitwe lini

Mfanyabiashara wa Kisumu anayetaka kujua kama wakazi wa Kondele watanunua mtindi wake halazimiki tena kuchapisha hojaji mia tatu, kuwalipa vijana waingize majibu kwenye kompyuta, kisha angoje ripoti kwa majuma. Kazi hiyo, iliyokuwa sehemu kubwa ya ankara ya kampuni za utafiti wa soko, sasa hufanywa na programu ambazo baadhi yake hazina hata bei. Zimebaki kazi mbili ambazo programu haiwezi kumfanyia mtu: kuchagua nani aulizwe, na kutunga swali lisilomwekea mhojiwa jibu mdomoni. Nimezipanga programu hizi kwa kigezo hicho zaidi ya urembo wa fomu zake.

Nafasi ya kwanza ninaipa KoboToolbox. Msingi wake ni ODK (Open Data Kit), programu huria ya kukusanya data kwa simu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington nchini Marekani mwaka 2008, na imekomaa mikononi mwa mashirika ya misaada yanayokusanya taarifa mahali pasipo na mtandao. Unaunda fomu kwenye kompyuta, unaishusha kwenye simu ya Android, kisha mhoji anaingia soko la Kibuye Jumapili, siku ambayo halina pa kukanyaga, na hata bando likiisha kazi inaendelea. Majibu yatatumwa jioni. Fomu moja hubeba lugha kadhaa, hivyo muuza omena anasomewa swali kwa Kijaluo na jirani yake kwa Kiswahili, bila mhoji kutafsiri kichwani kila mara kwa namna yake.

Faida yake kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni kumbana anayepika data. Fomu huweka saa ya kuanza na ya kumaliza, na ukitaka, mahali kwa GPS. Kijana mmoja niliyemtuma Manyatta aliniletea mahojiano kumi na manne ya nyumba kwa nyumba. Yote yalikuwa yamekamilika ndani ya dakika arobaini, na alama zote kwenye ramani zilirundikana juu ya kibanda kimoja cha chai. Kwa karatasi ningemlipa na kumshukuru. Kasoro ya programu hii ni kwamba inahitaji siku mbili tatu za kuizoea, na uchambuzi wa maana utaufanyia kwingine.

Ya pili ni Google Forms, ambayo ni bure, rahisi, na majibu yanajipanga yenyewe kwenye jedwali. Ni chaguo bora pale ambapo orodha ya watu unayo tayari na wote wana intaneti: wafanyakazi, wanachama wa chama, wateja waliokuachia anwani. Nje ya hapo ni mtego. Hojaji yangu ya kwanza niliisambaza katika vikundi vya WhatsApp, majibu yakamiminika, na karibu wote wakasema bei inafaa. Akina mama wa sokoni ambao ndio wangeuza bidhaa hiyo hawakuwa ndani ya kikundi hata kimoja. Wingi wa majibu hauponyi kosa hilo. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilipokea kura za maoni zaidi ya milioni mbili, likatabiri kwamba katika uchaguzi wa urais Landon atamshinda Roosevelt, na Roosevelt akashinda kwa kishindo.

SurveyMonkey, iliyoanza mwaka 1999, ninaiweka ya tatu. Maswali yake yaliyotungwa tayari humfaa mgeni wa kazi hii, lakini mpango wa bure una ukomo unaofikiwa mapema, na gharama ya mpango wa kulipia hupanda shilingi inaposhuka dhidi ya dola. Qualtrics ni ya mwisho, si kwa ubovu, bali kwa sababu imekusudiwa vyuo vikuu na kampuni kubwa.

Ushauri wangu ni kutumia Kobo na kumwajiri mtafiti kwa siku mbili tu, moja kabla ya kwenda uwanjani na nyingine baada ya kurudi. Hesabu ya watu 384 wa kuhojiwa, ambayo wengi huinukuu kama dawa, hutoa kosa la asilimia 5 juu au chini kwa uhakika wa asilimia 95 ikiwa tu kila mtu alikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Mtafiti ndiye atakayekuambia uanzie mtaa upi na uruke nyumba ngapi. Vilevile atalifuta swali kama “Je, umeridhika na ladha na bei ya mtindi wetu?”, kwa kuwa anayeipenda ladha na kulalamikia bei hana pa kuweka alama, na mahali pake ataandika “Mara ya mwisho uliponunua mtindi, ulilipa shilingi ngapi?” Ikiwa uamuzi unaoutegemea ni mkopo wa mtambo wa kupozea maziwa, mkabidhi kazi yote.

Kwa programu yoyote utakayochagua, Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakuhusu. Swali la kwanza liwe la idhini, ueleze majibu ni ya kazi gani, na nambari za simu uzifute ukishawapigia wachache kuhakikisha kwamba kweli walihojiwa.