4nec2 kwa fundi wa antena Kigoma: bure, nyepesi, na ina mitego yake

Ukitengeneza antena za redio za boti, za vituo vya pwani ya ziwa au za masafa mafupi kwenda vijijini, programu ya kuanza nayo ni 4nec2. Ni ya bure, inakaa kwenye megabaiti chache, na ukishaipakua haikuulizi intaneti tena. Kompyuta ya zamani yenye Windows inaibeba bila kuhema. Tunaipa nne kati ya tano. Ile moja iliyopotea imepotea kwenye menyu ya ardhi, tutaifikia.

Aliyeiunda ni Arie Voors wa Uholanzi, lakini mashine iliyo ndani si yake. Ni NEC-2, iliyoandikwa kwa Fortran katika maabara ya Lawrence Livermore, Marekani, na kuelezwa kwenye nyaraka za mwaka 1981. Kwa hiyo unapoisifu au kuilaumu 4nec2, tenganisha mambo mawili: sura, yaani madirisha, grafu na kitafutio cha vipimo bora, na injini, yaani hesabu yenyewe.

Hesabu hiyo ni mlinganyo wa integrali. Juu ya waya unaopitisha umeme vizuri, uga wa umeme unaofuata urefu wa waya lazima uwe sifuri. Uga huo hutokana na chanzo pamoja na mkondo wa waya wote ukijumlishwa, na mkondo huo ndio usioujua: umefungiwa ndani ya integrali. Pocklington aliuandika mlinganyo wa aina hii kwa waya nyembamba mwaka 1897. NEC-2 huukata waya vipande, hukipa kila kipande mkondo wenye sehemu tatu (namba isiyobadilika, saini na kosaini), kisha hudai sharti la uga litimie katikati ya kila kipande. Vipande N, milinganyo N. Uzuri wake ni kwamba kisichojulikana kiko kwenye chuma tu. Hewa yote toka Kibirizi, pwani ya Kigoma, hadi ng'ambo ya Kongo huna haja ya kuikata vijumba, jambo ambalo mbinu za kugawa nafasi nzima zingekulazimisha. Gharama yake ni kwamba kila kipande kinaathiri kila kingine, hivyo matriksi imejaa namba kila kona: ukiongeza vipande mara mbili, kumbukumbu huongezeka mara nne na muda wa kutatua mara nane. Vipande 45 vinakula kilobaiti 32 hivi. Vipande 1,000 ni megabaiti 16. Kwa antena za kawaida hutaisikia kompyuta ikilalamika.

Tuichukue antena ya kazi: wima ya robo wimbi yenye waya nne za chini, kwa chaneli 16 ya redio za majini, 156.8 MHz. Wimbi lake ni mita 1.91. Faili zima ni hili:

CM Antena ya robo wimbi, chaneli 16
CE
GW 1 9 0 0 6 0 0 6.46 0.002
GW 2 9 0 0 6 0.339 0 5.661 0.002
GW 3 9 0 0 6 -0.339 0 5.661 0.002
GW 4 9 0 0 6 0 0.339 5.661 0.002
GW 5 9 0 0 6 0 -0.339 5.661 0.002
GE -1
LD 5 0 0 0 3.7E7
GN 2 0 0 0 80 0.065
EX 0 1 1 0 1 0
FR 0 15 0 0 155.3 0.5
RP 0 91 1 1000 0 0 1 0
EN

Kila mstari huitwa kadi, jina lililobaki tangu enzi za kadi za kutoboa. GW ni waya: namba yake, idadi ya vipande, ncha mbili kwa mita, mwisho nusukipenyo. LD 5 ni aluminiamu. EX imeweka chanzo kwenye kipande cha kwanza cha waya namba 1, chini kabisa, pale kebo inapoungwa. FR inaanzia 155.3 na kupanda kwa nusu megahezi, ili namba ya nne iangukie 156.8 kamili. Bonyeza F7, hesabu inakwisha kabla hujainua kidole.

Waya za chini zimeinamishwa nyuzi 45 kwa sababu. Zikilala bapa, rejistansi ya antena hushuka hadi ishirini na kitu, na kebo ya ohmu 50 inarudishiwa nguvu. Zikiinama hivi hukaribia 50. Badilisha 5.661 iwe 6 na 0.339 iwe 0.48 kwenye kadi zote nne uone SWR (kipimo cha nguvu inayorudishwa kwenye kebo) inavyopanda. Zoezi hili peke yake linalipa muda wa kujifunza programu.

Sasa namba ya mwisho ya GW, inayoharibu mafaili mengi kuliko nyingine yoyote. Ni nusukipenyo, si kipenyo, na ni mita, si milimita. Ukiandika 2 umeipa antena bomba la upana wa mita nne. Tena waya wa dukani Mwanga, mjini Kigoma, unauzwa kwa milimita za mraba: ule wa 4 una nusukipenyo cha milimita 1.13, wa 2.5 una 0.89, wa 1.5 una 0.69. Kwenye faili unaandika 0.00113, si 0.004.

Idadi ya vipande ina sheria zake, na 4nec2 hukuonya kwa kiasi tu. Kipande kisizidi sehemu ya kumi ya wimbi, na karibu na chanzo au kwenye kona heshimu sehemu ya ishirini. Kisipungue sehemu ya elfu moja ya wimbi, maana hapo namba za matriksi zinaanza kulingana mno na jibu linayumba. Urefu wa kipande uwe angalau mara nane ya nusukipenyo. Vipande vinavyogusana na chanzo viwe na urefu unaokaribiana. Kwenye faili la juu ni sentimita 5.1 kwa wima na 5.3 kwa waya za chini, ndiyo sababu zote zina vipande 9. Waya mbili zikikatizana katikati ya kipande, programu haizioni kama zimeungana. Kwenye skrini utaona msalaba mzuri, kwenye hesabu ni waya mbili zilizopishana bila kugusana. Kiungo lazima kiwe ncha kwa ncha.

Jinsi ya kujua kama jibu linaaminika: ongeza vipande toka 9 hadi 15, kisha 21. Impidensi (ukinzani wote wa antena pale kebo inapoungwa) ikitulia, endelea. Halafu ondoa LD, weka antena kwenye nafasi tupu na uendeshe jaribio la wastani wa geini (jinsi antena inavyokusanya nguvu kila upande). Antena isiyopoteza nguvu lazima ipate 1.0, juu ya ardhi kamilifu, 2.0. Ukipata 0.9, injini imepotea kiasi cha desibeli 0.46 na geini unayosoma ni ndogo kwa kiasi hicho. Kati ya 0.95 na 1.05 tunaipitisha. Fundi anayekuonyesha picha ya rangi bila namba hii, mwombe namba.

Tukija kwenye ardhi na maji. Menyu ya 4nec2 ina aina za ardhi zilizoandaliwa, na kishawishi cha mtu wa Kigoma ni kuchagua bahari kwa kuwa mbele yake ni maji hadi upeo. Usifanye hivyo. Bahari ina upitishaji wa umeme wa karibu 5 S/m (simensi kwa mita). Ziwa Tanganyika lina madini mengi kuliko maziwa mengi ya maji baridi, lakini bado liko kwenye 0.065 hivi, chini ya bahari karibu mara themanini. Kwa 156.8 MHz ukikokotoa 60 mara wimbi mara upitishaji, ugawe kwa pemitiviti (uwezo wa kuhifadhi nishati ya uga wa umeme) ya maji, 80, unapata 0.09: maana yake kwenye VHF, masafa haya ya redio za majini, ziwa letu linafanya kazi kama kihami chenye pemitiviti kubwa, si kama chuma. Bahari kwenye masafa hayohayo inatoa karibu 7. Shuka hadi 7.1 MHz, ziwa linapanda hadi 2, na hapo upitishaji unaanza kuwa na sauti. Kwa hiyo andika 80 na 0.065 kwa mkono. Kwa udongo wa wastani weka 13 na 0.005; kwa changarawe kavu za vilimani mwishoni mwa kiangazi punguza zaidi.

Chagua pia GN 2, njia ya Sommerfeld na Norton, badala ya GN 0. GN 0 hukadiria kwa vizidishio vya kuakisi na huharibika antena ikiwa chini. Dipoli ya 7.1 MHz, mita 20 kwa urefu na mita 3 juu ya udongo, iko kwenye sehemu ya kumi na nne ya wimbi, na GN 0 itakupa ndoto.

Mtego unaowakatisha watu tamaa ni huu: ukiweka maji na kutazama mchoro wa wima, kwenye upeo geini inasoma -999. Boti ziko upeoni! Je, antena haiwasikii wanaovua dagaa? Inawasikia. RP 0 hukokotoa uga wa mbali mno, pale ambapo wimbi la moja kwa moja na lililoakisiwa hufutana kabisa kwenye pembe ya sifuri. Kwa umbali halisi tumia RP 1, inayohesabu wimbi la ardhini kwa umbali unaoutaja. Hata hiyo huchukulia dunia ni bapa. Mpindo wa dunia ukokotoe pembeni: kilomita 4.12 mara jumla ya vipeuo vya pili vya urefu wa antena mbili kwa mita. Mlingoti wa mita 6 na antena ya boti ya mita 2 ni kilomita 16. Ipandishe ile ya nchi kavu hadi mita 100 juu ya maji, kwenye moja ya vilima vya mji, unafika 47, na ziwa kwa wastani lina upana wa kilomita 50 hivi. Hakuna kuchezea urefu wa waya kutakakokupa faida kama hiyo.

Kwa mlingoti wa kilimani kuna kadi ya GD pamoja na RP 2 au 3, zinazokuruhusu kuweka udongo karibu na maji kule chini ya mteremko. Ni kitu kizuri, ila GD hugusa mchoro wa mnururisho tu. Mkondo na impidensi hukokotolewa kana kwamba udongo wa karibu hauna mwisho, na ukingo wa mteremko hautawanyi mawimbi.

Boti yenye paa la bati inataka wavu wa waya, kwa sababu vigae vya uso vya NEC-2 hutumia mlinganyo wa uga wa sumaku, na huo unafaa kwa umbo lililofungwa tu. Bati jembamba halifai. Nafasi kati ya waya ni sehemu ya kumi ya wimbi, sentimita 19, na mzingo wa waya unafanywa sawa na nafasi hiyo, hivyo nusukipenyo ni sentimita 3. Paa la mita 2 kwa 4 linatoa vipande 500 hivi, megabaiti 4. Ila angalia: kanuni hiyo ya mzingo daima inakupa uwiano wa urefu wa kipande kwa nusukipenyo wa 6.28, chini ya ule wa nane. Washa kadi ya EK, inayokubali hadi 2, ingawa kwenye makutano ya waya nyingi msaada wake hupungua.

Kuna mambo NEC-2 haiwezi, na 4nec2 ikiitumia haitayaweza. Waya zilizofukiwa: hapana, hizo ni za NEC-4 na NEC-5 zenye leseni ya maabara, kwa NEC-2 zilaze sentimita chache juu ya udongo kwa GN 2. Ganda la PVC haliingii kwenye hesabu ya NEC-2 yenyewe, na waya ule wa dukani ukibaki na ganda lake masafa ya mlio (resonansi) hushuka kwa asilimia 2 hadi 5, kwa hiyo kata mfupi kidogo au vua ganda. Kebo iliyoning'inia bila choki (kizuizi cha mkondo unaopita nje ya kebo) ni waya wa sita ambao hukuuandika. Iongeze kama GW toka kwenye kiungo hadi chini uone mchoro unavyopinda. Na mabomba ya aluminiamu yanayopungua unene, moja ndani ya jingine, hutoa mlio usio sahihi.

Kwa mabomba hayo hama kwenda EZNEC, ambayo hurekebisha kosa hilo na tangu Januari 2022 inatolewa bure, bila huduma baada ya hapo. Mwenye Linux achukue xnec2c ya Neoklis Kyriazis: injini ileile ikiwa imetafsiriwa kwa lugha ya C, na ukiiendesha kwa -j 4 hugawa masafa kwenye viini vinne (cores) vya kichakataji cha kompyuta. Kwa ufagiaji mrefu wa masafa inaishinda 4nec2 waziwazi.

Kitafutio cha vipimo bora cha 4nec2 kinafanya kazi vizuri ukitumia kadi za SY, zinazovipa vipimo majina, kwa mfano SY h=6, na kukipa mipaka. Bila mipaka kitakuletea SWR ya 1.01 kwa waya za chini zenye urefu wa ajabu na tarakimu sita baada ya nukta. Zungusha kwenye milimita, kokotoa upya, kisha tazama SWR kwenye ncha mbili za masafa, si katikati tu. Na kabla ya kuirusha hewani, leseni ya masafa ni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.