Jiko la presha la umeme, lita 6: miezi minane jikoni kwangu Mwanga, Kigoma

Nauza chakula cha mchana hapa Mwanga: wali, ugali wa muhogo, migebuka ya mawese na maharage. Jiko hili nimelinunua kwa ajili ya maharage, maana ndiyo yanayokula mkaa. Ni la wati 1,000, na nililipata kwa shilingi 165,000 baada ya kuvutana sana na muuzaji.

Siku ya kwanza nilipolichomeka, mteja wangu wa siku nyingi, mtu mzima, aliweka kijiko chini akasema, "Mama, hicho kitu kitakumalizia LUKU yote." Siku zile redio zilikuwa zinatangaza kwamba mahitaji ya umeme duniani yanapanda kwa kasi, na mezani kwangu hakukuwa na habari nyingine. Mwingine akadakia: dunia nzima inalilia umeme, na wewe unaongeza jiko?

Liliniuma neno lile, nikaamua kupima. Alfajiri moja nilichomoa friji, nikazima taa zote, nikasoma mita ya LUKU: uniti zilizobaki 18.62. Nikatia kilo moja ya maharage ya Kasulu, makavu, hayakulowekwa, maji yakapita juu yake vidole viwili, nikafunga mfuniko. Linavuta umeme kwa nguvu dakika kama ishirini za mwanzo. Presha ikijaa linajikata, halafu linajiwasha kidogo kidogo. Baada ya saa moja na dakika kumi nilitoa mvuke, nikachukua punje moja nikaibinya: ikasagika yote, hata ganda. LUKU ikasoma 18.09. Nusu uniti na kidogo! Mimi kwa shilingi 10,000 napata uniti 28, kwa hiyo chungu kile kilinigharimu kama shilingi 190. Mkaa wa maharage hayo hayo nilikuwa nanunua wa 1,500, nikikaa saa tatu napepea huku macho yananiwasha.

Tangu hapo wakianza yale mazungumzo nawajibu. Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria kwamba ifikapo 2030 yale majengo yaliyojaa kompyuta za kuhifadhi data yatatumia terawati-saa 945 kwa mwaka, yaani uniti bilioni 945, zaidi kidogo ya umeme unaotumiwa na Japani nzima sasa. Afrika kuna watu wapatao milioni 600 wasio na umeme kabisa. Sasa mtu atanyooshaje kidole kwa mama mwenye chungu cha maharage? Mji huu uliishi kwa majenereta ya dizeli miaka na miaka. Matumizi yetu yakipanda ni kwamba tunapika, tunasaga, tunagandisha samaki wasioze. Yapande tu! Kijana mmoja wa bodaboda alisema jambo la maana kuliko sisi wote: mradi wa umeme wa maji wa Mto Malagarasi, wa megawati 49.5, ukamilike, ndiyo habari inayotuhusu.

Lakini jiko lina kasoro, nazo nazisema. Umeme ukikatika katikati ya mapishi halikumbuki lilipofikia, inabidi ulipange upya. Usifungue mfuniko kwa haraka, joto la ndani linaendelea kuivisha. Kwa biashara lita 6 ni ndogo: maharage kilo moja na nusu, basi. Ugali haupikiki humo. Wali unatoka vizuri ukipunguza maji. Migebuka usithubutu, inavurugika, na mpira wa mfuniko ukishashika harufu ya samaki, maharage ya kesho yatanuka.

Huo mpira ndio ulionisumbua zaidi. Mwezi wa sita tangu nilinunue jiko, ulianza kuvujisha mvuke ubavuni, presha haijai, na uniti zikawa zinakwenda bure. Nililirudisha dukani nikiwa na risiti na karatasi ya garantii ya mwaka mmoja. Muuzaji akaniambia mpira hauhesabiwi, na wala hana wa kuniuzia. Nilizunguka soko zima nikakosa, mwisho nikaagiza Dar, ukaja kwa basi siku ya nne. Siku hizo nne nilirudi kwenye mkaa, na binti yangu alikohoa usiku kucha.

Jiko nalipa nyota nne kati ya tano. Duka nalipa moja. Nina mipira miwili ya akiba kabatini, na mwezi ujao nanunua la pili, la lita 8, kwa muuzaji mwingine atakayenionyesha vipuri kwanza kabla sijatoa hela.